Chelewa, Kijiko na Ulimi wa Kuonjea Mawese

Kitu cha kwanza nilichokijua cha kusafishia ulimi ni chelewa, yaani ujiti mmoja wa ufagio mpya. Bibi yangu, mzaa mama, anakaa Ujiji, na kila ufagio wa mchikichi ulioingia nyumbani kwake ulichomolewa kwanza chelewa tano au sita kabla haujagusa ardhi. Alizifunga kwa uzi na kuzichomeka kwenye dirisha la jikoni. Asubuhi alichukua moja, akaichana katikati kwa kisu, akaikwangua mpaka ikawa laini, kisha akaikunja kama upinde. Alishika ncha mbili kwa mikono miwili, akatoa ulimi, akaivuta ile chelewa kutoka nyuma kuja mbele mara tatu. Akatema, akasukutua, akaitupa. Ya jana haikutumika leo.

"Ufagio ukishafagia hata mara moja tu, huo ni wa uwanja," alinifundisha. "Hauna kazi tena mdomoni."

Nilikuwa mdogo, darasa la pili au la tatu, na nilidhani watu wote duniani hufanya hivyo. Shuleni mwalimu wa zamu alikagua kucha, nywele, na siku nyingine meno. Ulimi hakukagua. Nakumbuka nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa.

Chelewa ina faida moja ambayo sijaiona kwenye kitu kingine. Ni nyepesi sana, kwa hiyo mkono unausikia ulimi. Ukibonyeza zaidi ya inavyotakiwa, chelewa yenyewe inapinda au inakatika. Hasara yake ni kwamba inataka subira. Usipoilainisha vizuri inaacha kijibanzi, na kijibanzi kikiingia ulimini utakula uji siku mbili.

Nilipomaliza darasa la saba sikuendelea na shule. Mama alinipeleka Gungu kwa dada yake, mama mkubwa, nikamsaidie kazi. Mama mkubwa anauza mawese soko la Mwanga. Ana meza moja ya mbao, madumu chini, chupa juu. Mawese anayanunua kwa akina mama wanaokamua vijijini, wengi wakitoka kaskazini kwa boti na kushukia Kibirizi. Anayauza kwa mama lishe na kwa watu wa majumbani wanaokuja na chupa zao.

Mawese mazuri na mabaya yanaweza kufanana rangi. Chikichi zikikaa chini siku nyingi kabla ya kukamuliwa, mafuta yake hukereketa koo. Mtu akiyachemsha tena harufu hupungua, na mwingine huchanganya ya zamani na ya juzi. Pua inadanganyika. Koo ni gumu kulidanganya, lakini mafuta hufika kooni yakipita juu ya ulimi, na ulimi wenye utando hauleti habari kamili. Kwa hiyo mezani kwa mama mkubwa kila dumu huonjwa kabla ya kununuliwa.

Zamani alikuwa anaonja mwenyewe. Mwezi wangu wa kwanza pale, mchana mmoja, alipika maharage akayaunga kwa mawese ya dumu jipya. Nilikula kijiko kimoja nikasogeza sahani. Mama mkubwa akaniuliza kama naumwa, nikatikisa kichwa. Akayaonja yeye, akaona yako sawa. Kesho yake mama lishe mmoja alirudisha chupa, akasema wateja wake wanakohoa. Mama mkubwa alipokea ile chupa akanigeukia, akanitazama kwa muda. Tangu siku hiyo nikawa mwonjaji.

Tatizo lilikuwa kusema. Mimi si mtu wa kusema. Kumwambia mama mtu mzima, aliyebeba dumu kutoka mbali, kwamba mafuta yake hayafai, lilikuwa jambo nisiloliweza. Nilijaribu mara moja, sauti haikutoka. Ndipo tukapatana alama. Nikishaonja, mafuta yakiwa mazuri nafunga kifuniko cha dumu, nakikaza. Yakiwa mabaya nakiacha wazi, narudi kukaa kwenye stuli yangu. Maneno yote yanayofuata ni ya mama mkubwa.

Haikuchukua muda safu yote ya wauza mawese ikaijua alama ile. Wafanyabiashara wa meza nyingine walikuwa wakitupia jicho kifuniko chetu kabla hawajapima mafuta ya mtu. Fundi cherehani anayekaa mkabala na meza yetu alipenda kusema kwa sauti, ili nisikie:

"Huyu binti aliletewa ulimi wa kuonjea. Wa kusemea ulisahaulika dukani."

"Mwache," dada alikuwa akimjibu. "Wewe unao wa kusemea, mbona suruali za watu hazimaliziki?"

Dada ni mtoto wa mama mkubwa. Ananizidi miaka mitatu, na wakati ninaousimulia alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya meza na kuita wateja. Aliita vizuri. Angeweza kumsimamisha mtu aliyekuja kununua nyanya, akaondoka na chupa ya mawese.

Dada ndiye aliyenipa mswaki wa dukani, ule ambao mgongo wake una vinundu vya mpira vya kusugulia ulimi. Nyumbani Gungu hakukuwa na ufagio mpya kila mara, na nilianza kuutumia. Vinundu vile vinasugua, lakini havikusanyi. Vinausambaza utando na kuuacha palepale, kama mtu anayepiga deki bila kukamua tambara. Na dawa ya meno ilikuwa shida kubwa zaidi. Asubuhi ya kwanza nilipoitumia, madumu manne yote yalikuwa na ladha ya pipi. Sikujua nifunge au niache. Nilikaa nimeshika vifuniko viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, mpaka mama mkubwa akaja kuninusa mdomo. Tangu hapo dawa ya meno kwangu ni jioni. Asubuhi ya kazi ni maji ya uvuguvugu na chelewa. Chai ya tangawizi sinywi mpaka dumu la mwisho liwe limeonjwa, na kitunguu kibichi nilikiacha kabisa.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili. Kisha nikaugua malaria.

Nilikwenda zahanati, nikapewa dawa, nikazimaliza. Homa ilikwisha. Kilichobaki kilikuwa mdomoni. Ulimi wangu ulipata utando mzito, mweupe katikati na wa manjano nyuma, na kila nilichokula kilikuwa na ladha moja, ladha ya bati. Ugali ulikuwa bati, samaki wetu wa ziwani, migebuka, walikuwa bati. Nilichovya kidole kwenye mawese nikayaweka ulimini. Ni kama nilikuwa nimeweka maji mazito.

Mama mkubwa alisubiri siku tatu. Siku ya nne, Jumatano, alikaa kitandani kwangu.

"Ulimi vipi?"

"Bado."

"Jumamosi inakuja mizigo ya kaskazini. Siwezi kununua nimefumba macho." Hakukasirika. Alikuwa anapanga kazi. "Usiporudi mpaka Jumamosi, dada yako ataonja. Wewe utakaa mbele, uite wateja."

"Mimi?"

"Sasa nani? Mtoto?"

Dada alicheka mpaka yule mtoto akaamka. "Ataita kwa kufunga vifuniko," alisema.

Sidhani kama walijua jambo lile lilikuwa na uzito gani kwangu. Kukaa mbele maana yake ni kusimama mchana kutwa ukiwatazama watu usoni, kuwapandishia sauti, kutaniwa na kujibu. Kwenye stuli yangu nyuma ya madumu nilikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza, na haikudai nifungue mdomo ila kwa kuonja. Sikuwa na kazi nyingine niliyoiweza vizuri. Nilikuwa na siku tatu.

Nilianza na mswaki wa mti, kwa sababu ulikuwa karibu na chelewa zilikuwa zimekwisha. Mzee mmoja jirani yetu huuza miswaki nje ya msikiti, mafungu madogo yaliyofungwa kwa kamba. Unatafuna ncha mpaka inakuwa nyuzi, unasugua meno, halafu unalaza ubavu wa mti juu ya ulimi unauvuta. Kwa meno sijaona bora yake. Kwa ulimi, unafaa katikati lakini haufiki pembeni, kwa kuwa mti hauna mkunjo na ulimi una mkunjo. Tena una uchungu wake. Ule uchungu ulinifurahisha saa ya kwanza, nikidhani ladha imerudi. Ilikuwa ladha ya mti tu, na ilikaa mpaka mchana.

Alhamisi nilichukua kijiko cha chai. Unakigeuza kifudifudi na kukivuta. Kijiko kinakusanya kweli. Kila mvuto unaona ulichotoa, unakisuuza, unarudia. Kinalingana na mkunjo wa ulimi kuliko mti. Lakini kijiko ni kigumu na hakikuambii kitu. Chelewa inakatika, mti unauma ufizi, kijiko kinakubali tu. Ukiongeza nguvu kinaongeza kazi. Nilivuta mara tatu, baadaye mara kumi, baadaye sikuhesabu. Ulimi ulianza kuwa mwekundu na niliona ni maendeleo.

Ijumaa dada alirudi na kitu alichokinunua kwa mmachinga pale Mwanga. Kilikuwa chuma chembamba kinachong'aa, kimekunjwa kama kiatu cha farasi, kina vishikio viwili vya plastiki ya bluu.

"Cha kukwangulia ulimi hicho," alisema. "Nimekuonea huruma. Na mimi sitaki kuonja mafuta ya watu, yananitia kichefuchefu tangu nijifungue."

Nilikitazama. Ilikuwa ile chelewa ya bibi, imetengenezwa kwa chuma. Mkunjo uleule, mikono miwili ileile. Nadhani aliyekibuni naye alikuwa na bibi yake. Tofauti ni kwamba chelewa inatupwa na hiki kinabaki, na kwamba hiki hakikatiki. Kina makali kidogo upande mmoja. Kwa mtu mwenye ulimi mzima na mkono mwepesi, ndicho kitu bora nilichowahi kutumia: mvuto mmoja unafanya kazi ya mivuto mitano ya kijiko. Mimi sikuwa na ulimi mzima wala mkono mwepesi. Nilikuwa na Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka kabla ya wengine. Nilikwangua kwa chuma, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikakwangua tena. Nikachukua unga wa mkaa kidogo, nikaupaka, nikakwangua. Mate yalitoka na damu kidogo. Utando wote ulikuwa umetoka. Kwenye kioo cha dada ulimi wangu ulikuwa mwekundu, umelainika, unang'aa. Sikuwahi kuuona ulimi safi kama ule.

"Umerudi?" mama mkubwa aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

Mizigo ilianza kufika asubuhi mapema. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima tuliyemwita mama wa boti, kwa kuwa hakukosa boti ya Jumamosi hata ziwa likiwa na mawimbi. Alitoka kijiji cha mbali kaskazini na daima alileta madumu mawili, wala hakuzidisha. Mafuta yake nilikuwa nayajua. Chikichi zake hazilali chini. Katika miaka miwili sikuwahi kumwachia kifuniko wazi.

"Mwakeye," alisalimia kwa Kiha, kama kawaida yake, akatua dumu la kwanza. "Mwonjaji wangu huyo! Nilisikia umeumwa. Umekonda kama uzi."

"Shikamoo," nilisema chini chini.

"Marahaba, mwanangu. Haya, fanya kazi yako."

Nilichovya kijiti safi, nikaacha tone lianguke nyuma ya ulimi, nikafunga macho kama ninavyofanya siku zote. Mafuta yalichoma. Nilimeza, yakakereketa kooni, tena sana. Nilionja dumu la pili. Lilichoma vilevile. Nilishangaa, lakini sikuwa na shaka. Nilikuwa nimeusafisha ulimi kuliko siku yoyote, kwa hiyo niliamini unasema kweli kuliko siku yoyote.

Niliacha vifuniko vyote viwili wazi, nikarudi kwenye stuli.

Mama wa boti alivitazama vile vifuniko, akamtazama mama mkubwa.

"Amesahau kufunga," alisema.

Mama mkubwa aliningojea. Mimi nilitazama chini.

"Hajasahau," mama mkubwa alisema taratibu. "Labda safari hii chikichi zilichelewa kidogo, dada yangu."

"Zilichelewa wapi? Nimekamua juzi kwa mikono hii."

"Basi labda dumu."

"Dumu lilelile." Mama wa boti hakupandisha sauti. Alichukua vifuniko, akavifunga mwenyewe, kimoja kimoja. Akajitwisha dumu moja, la pili akalishika mkononi, akaenda meza inayofuata. Yule mwenye meza alikuwa ameshaona. Alitikisa kichwa kabla mzigo haujatua. Meza ya tatu vilevile. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake kutazama, na siku hiyo hakusema utani wowote.

Baada yake nilionja madumu ya watu wengine watatu. Yote yalichoma. Yote niliyaacha wazi. Mama mkubwa akaanza kunitazama.

Ilikuwa karibu na adhuhuri, joto limepanda. Nilichukua chupa yangu ya maji nikanywa. Maji yalichoma ulimi. Nikameza, yakakereketa koo.

Nilinywa tena, polepole, nikiyasikiliza. Maji ya bomba, niliyoyachota mwenyewe nyumbani. Yalichoma sawasawa na mawese ya mama wa boti, wala si zaidi wala si pungufu.

Nilibaki nimeshika ile chupa. Mtu pekee katika soko zima aliyejua kilichotokea nilikuwa mimi, na kama ningekaa kimya ingebaki hivyo. Wangesema mama wa boti amechoka, siku hizi mafuta yake si yale. Jumamosi ijayo ulimi wangu ungekuwa umepona, ningemfungia vifuniko vyake kama zamani, na stuli ingebaki yangu. Nilifikiri hayo yote, sikatai. Niliyafikiri mpaka mwisho. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa amevifunga vile vifuniko yeye mwenyewe. Kazi ile ilikuwa yangu.

Nilimwambia dada naenda chooni. Nikapanda bodaboda hadi Kibirizi.

Boti ilikuwa bado inapakiwa. Vijana walikuwa ndani ya maji hadi mapajani, wanapitisha magunia ya unga, sukari, mabati na godoro moja lililofungwa nailoni. Mama wa boti alikuwa amekaa mchangani juu ya dumu lake moja, la pili pembeni, anakula muhogo wa kuchoma. Madumu yote mawili yalikuwa yamejaa.

Nilisimama mbele yake. Alinitazama akaendelea kutafuna.

"Mama mkubwa amekutuma?"

"Hapana."

"Basi umepotea."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, nyuma ya yule dereva, na yote yalikuwa yametoka. Nilisema yaliyobaki.

"Mafuta yako si mabaya. Ulimi wangu ndio mbaya. Hata maji yanauma."

Aliacha kutafuna. Kisha akaweka muhogo chini.

"Toa."

Sikuelewa.

"Ulimi. Toa niuone."

Kulikuwa na watu. Kijana aliyebeba mabati alisimama. Kina mama wawili wenye mikungu ya ndizi waligeuka. Nilifumba macho nikatoa ulimi.

"Mama yangu we!" alisema mama wa boti. "Umeukwangua kama sufuria la ugali! Njooni muone, mtoto amejichuna ngozi!"

Walikuja wakaona. Mmoja alisema nimetumia steelwire, ile ya kusugulia vyombo. Kijana wa mabati aliuliza kama nilikuwa natafuta dhahabu humo. Mama wa boti alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga, halafu akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka mzigo aliokalia.

"Sasa haya mafuta narudi nayo," alisema. "Unajua?"

"Turudi sokoni. Mama mkubwa atayachukua."

"Boti hainingojei mimi, mwanangu. Na pale sokoni kila mtu ameona vifuniko." Alifikiri. "Uliyoniambia hapa, umemwambia mama mkubwa wako?"

"Bado."

"Ego," aliitikia kwa Kiha. "Nenda kamwambie. Kwa mdomo, siyo kwa kifuniko."

Vijana walikuja kuchukua madumu. Alikunja kanga juu ya magoti, akaingia majini, akapanda. Nilingoja mpaka injini ilipowaka. Hakugeuka nyuma, lakini watu wa boti hawageuki sana, wanatazama mahali pa kukaa.

Mama mkubwa nilimwambia jioni, tukifunga meza. Alinisikiliza akiwa anafuta chupa. Nilipomaliza aliendelea kufuta ile ile.

"Ungeniambia asubuhi," alisema mwishowe, "ungekaa mbele siku moja tu. Dada yako angeonja, basi. Sasa nimempoteza mtu wangu wa miaka kumi, na wale wengine watatu nao walikwenda na mafuta yao."

"Ndiyo."

"Utakaa mbele mpaka nitakaposema."

Nilikaa mbele. Siku ya kwanza nilisema "karibu" mara kadhaa, na fundi cherehani aliniuliza kama nilikuwa nasali. Siku ya pili nilisema kwa nguvu zaidi kidogo. Wateja walikuwa wachache kuliko wakati wa dada, lakini walikuwepo. Nyuma yangu dada alionja kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Alifunga vifuniko vingi mno, na wiki ya pili chupa mbili zilirudishwa.

Ulimi wangu haukuponywa na chombo chochote. Jumapili ile nilikwenda Ujiji, bibi akauona, akachukua kile chuma cha bluu nilichokwenda nacho akakitia mfukoni mwake. Mpaka leo hajakirudisha. Kisha akachana kitambaa laini cha pamba, akakizungusha kwenye kidole changu cha shahada, akakichovya kwenye maji ya uvuguvugu.

"Hivi ndivyo dada yako anavyomsafisha mtoto wake," alisema. "Ukipona utarudia chelewa. Sasa hivi una ulimi wa mtoto wa siku saba."

Kitambaa hakikwangui kabisa. Kinapita tu, na kidole ndani yake kinasikia kila kitu, joto, uvimbe, mahali panapouma. Kama kingeweza kutoa utando mzito kingekuwa bora kuliko vyote. Hakiwezi, lakini sikuwa na utando tena. Nilikitumia asubuhi na jioni. Karibu wiki mbili baadaye nilikunywa maji na yalikuwa maji. Siku hiyohiyo nilisikia utamu wa karanga ndani ya mboga, nikamwambia mama mkubwa bila kuulizwa. Alisema, "Kaa mbele kwanza."

Jumamosi ya nne mama wa boti alikuja. Alipita meza yetu na madumu yake, akaenda hadi mwisho wa safu, akarudi. Sikujua kama wa kule mwisho walimkatalia au hakuwauliza. Alitua mzigo mbele yangu, pale nilipokuwa nimesimama kuita wateja. Mama mkubwa alinyanyuka, lakini yule hakumtazama.

"Mwakeye, mwonjaji. Bado umefungiwa huku mbele?"

"Shikamoo. Bado."

"Marahaba. Kabla sijafungua kitu, nionyeshe."

Nilijua anachotaka. Safu nzima ilikuwa inatazama, na fundi cherehani alikuwa ameshatoa mguu kwenye mashine. Nilitoa ulimi. Aliinama akauangalia juu, akaniambia nigeuze kulia, nigeuze kushoto, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Huu sawa," alisema, akafungua dumu.

Mama mkubwa alinisogezea kijiti.

Mafuta yalikuwa laini, yana ule utamu mdogo wa nyuma, na yalishuka kooni bila kugusa kitu. Nilifunga kifuniko nikakikaza. Nikaonja la pili, nikafunga. Kisha nikasema, "Ni mazuri," kwa sababu alikuwa bado ananingojea.

Nilirudishwa kwenye stuli yangu Jumamosi iliyofuata. Dada alirudi mbele na wateja wakarudi. Lakini mama wa boti hafungui dumu mpaka aone ulimi, na wengine wameiga. Wale watatu waliporudi, walidai vilevile. Sasa kila mwenye mzigo akifika hutua dumu, hunisalimia, kisha hungoja. Mimi natoa ulimi mbele ya soko zima, wanauangalia, wanatoa maoni yao, halafu ndipo naonja. Sijazoea, na sidhani nitazoea. Usiku wa kuamkia Jumamosi nachana chelewa yangu mapema na kuilainisha pande zote mbili, kwa kuwa najua kesho yake itakaguliwa kazi yangu.